Mwaka Niliokataa Kuchota Maji

Kijijini kwetu kila mtu ana maelezo yake kuhusu kupona kwangu. Mama anasema ni mafuta ya kondoo. Wazee wa kanisa wanasema ni maombi. Yule kijana wa fiziotherapia wa hospitali, ambaye ana haki ya kujisifu kuliko wote, anasema ni mazoezi ya kushusha kisigino aliyonipa. Siwabishii. Lakini mtu akitaka kujua ukweli, nitamwambia nilianza kupona asubuhi ile nilipoigeuza ndoo kifudifudi katikati ya uwanja wetu, nikaikalia, na kusema sichoti maji tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa mkimbiaji. Kwetu ni Gitting, kwenye mteremko wa Hanang, mahali ambapo hata kwenda kumsalimia jirani ni lazima upande au ushuke. Katika michezo ya shule nilikuwa nawaacha wenzangu mbali kiasi kwamba nikifika mwisho napata muda wa kukaa chini na kuvua viatu. Kocha mmoja aliniona, akaja nyumbani kuzungumza na baba, na baada ya mavuno nikachukuliwa kwenda kwenye kambi yake ya wakimbiaji kule Mbulu.

Kambi ilikuwa nyumba ndefu ya bati, wavulana kumi na mmoja upande mmoja, wasichana sita upande wa pili. Tulikuwa tunaamka saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Mbulu ikiwa bado imekaa kwenye majani, tunakimbia barabara ya vumbi inayoelekea Dongobesh mpaka jua linatoka. Tukirudi, wavulana walikuwa wanatandika mikeka, wanalala chali na kuegemeza miguu ukutani ili damu irudi mwilini, kama kocha alivyotufundisha. Sisi wasichana tulikuwa tunachukua ndoo na kushuka bondeni kuchota maji ya kuoga, ya kupikia na ya kufulia, yetu na yao.

Hakuna aliyetuagiza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kocha hakuwahi kusema wasichana wachote maji. Tuliinuka wenyewe, kwa sababu msichana aliyelelewa vizuri halali chali na miguu ukutani wakati pipa la maji ni tupu. Tulikuwa tukipishana na wavulana mlangoni, wao wanaingia na mikeka, sisi tunatoka na ndoo, na tulikuwa tunataniana na kucheka. Nilicheka sana mwaka ule.

Kisigino cha kushoto kilianza taratibu. Asubuhi, hatua kumi za kwanza kutoka kitandani, nilikuwa natembea kama bibi yangu, kisha kinapata moto na maumivu yanapotea. Baadaye hatua kumi zikawa hamsini. Nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, ukatokea uvimbe wa ukubwa wa harage, ukiugusa unaruka. Nilivaa soksi ndefu ili usionekane. Kocha alipogundua alisema maumivu yanatoka na jasho, akaniongezea milima. Nilimwamini, kwa sababu nilitaka kumwamini. Hata nyumbani ndivyo tunavyolelewa, mtu akilalamika mguu anaambiwa atembee utapona.

Siku moja, tukiwa tunateremka, mguu ulikataa kunisukuma. Sikuanguka, nilisimama tu katikati ya barabara na wenzangu wakanipita. Nilirudi kambini nikichechemea, nikamkuta kocha ameshapata habari.

"Mguu wako umekwisha," alisema. "Kitanda nitampa mwingine. Viatu viache, ni vya kambi."

"Nikipona nirudi?"

Alicheka kidogo, si kwa ubaya, na hilo lilinikera zaidi. "Nyie mabinti wa huko mkishaumia ndiyo basi. Mwaka kesho tutasikia umeolewa."

Nilifika nyumbani na begi moja na kandambili miguuni. Baba alinitazama miguu kabla ya kunitazama usoni, akaitikia shikamoo yangu, akasema, "Pumzika kwanza." Mama alichemsha mafuta ya kondoo, akaketi chini, akaweka mguu wangu mapajani mwake na kuukanda mpaka nikauma kanga. Kesho yake asubuhi ndoo ilikuwa mlangoni kama ilivyokuwa siku zote tangu nikiwa na miaka saba. Niliichukua nikashuka korongoni kwenye chemchemi.

Wiki hiyohiyo nilikwenda hospitali. Kijana wa fiziotherapia alikuwa mtu wa Tanga, amevaa sweta nzito chini ya koti lake jeupe, na bado alikuwa anasugua mikono. Alibonyeza kisigino changu kwa vidole viwili, nikakaribia kumpiga teke. Alinieleza vizuri, namshukuru. Alisema kuna kano nene inayotoka kwenye nyama ya nyuma ya mguu na kushika kisigino, na kwamba yangu haijakatika ila imechoka na imeanza kuchambuka. Akaniambia nisikimbie kwa wiki sita. Akanipa karatasi yenye picha za mazoezi.

Nusu ya karatasi ile ilikuwa na picha za mtu aliyefungwa mkanda wa kuelea, anakimbia ndani ya bwawa la kuogelea. "Waogeleaji na wakimbiaji wa mijini wakiumia wanafanya hivi," alisema. "Moyo unafanya kazi, mguu haubebi uzito." Nikamwambia maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona mahali pamoja ni Ziwa Balangida, na wakati wa kiangazi hilo nalo hubaki chumvi tupu. Akakunja ile nusu ya karatasi kwa nyuma, akasema tufanye hizi nyingine.

Wiki sita sikukimbia hata hatua moja. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa naamka saa kumi na moja kwa mazoea, nakaa kitandani nikisikiliza majogoo, na miguu inaniwasha kwa hamu. Nikiona mtu anakimbilia gari nilikuwa naona wivu. Nilifanya mazoezi yote ya kwenye karatasi, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Na kisigino kikazidi kuwa kibaya. Harage likawa kubwa, na hatua hamsini za asubuhi zikawa asubuhi nzima.

Niliporudi hospitali yule kijana alikibonyeza, akasema, "Dada, unakimbia kwa siri."

"Sikimbii."

"Kisigino kinaniambia unakimbia."

"Basi ongea na hicho kisigino, mimi naondoka." Niliinuka. Hasira zangu ziko karibu, nilizaliwa nazo, na siku ile zilikuwa na sababu. Nilikuwa nimejinyima kitu ninachokipenda kuliko chakula, halafu mtu ananiita mwongo.

Nilikuwa nimeshika kitasa aliposema, "Kaa. Samahani. Nieleze siku yako. Usinieleze mazoezi. Anza unapoamka."

Nikakaa. Nikamwambia naamka, nafagia, nashuka kuchota maji, narudi, napika uji, nashuka tena. Kisha shambani, ni juu kidogo, kupalilia. Mchana nashuka kuchota maji ya ng'ombe. Jioni tena ya kuoga.

"Hiyo chemchemi iko mbali kiasi gani?"

Dirishani ulionekana mnara wa kanisa ng'ambo ya bonde. Nikamwambia, kutoka hapa mpaka pale, kisha kama nusu yake tena, ila kwetu ni kupanda tu wakati wa kurudi.

"Ukiwa umebeba nini?"

"Ndoo."

"Ya lita ngapi?"

"Ishirini."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Nne. Siku ya kufua, sita."

Aliweka kalamu chini. Ninaapa kwamba mpaka dakika ile sikujua nimesema nini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulisema nisikimbie, sijakimbia. Mwanamke gani anakwenda kumwambia daktari kwamba anachota maji?"

Alisimama, akaweka kitabu kinene sakafuni, akanionyesha. Ukipanda mlima vidole viko juu na kisigino kinaning'inia chini, ile kano inavutika kama kamba. Ukiweka kilo ishirini kichwani, inavutika zaidi. "Mazoezi niliyokupa ndiyo hayohayo," alisema. "Mara mia na themanini kwa siku. Wewe unafanya maelfu, na mzigo juu, na kandambili. Na kule kambini, mlikuwa mnachota pia?"

"Sisi wasichana, ndiyo."

"Baada ya kukimbia?"

"Baada ya kukimbia."

Aliandika kwenye karatasi yangu, kwa herufi kubwa kama anamwandikia mtoto: MAJI HAPANA. MIEZI MITATU.

Ni rahisi kuandika. Nilitembea kutoka stendi mpaka nyumbani na ile karatasi mfukoni nikijiuliza hayo maji yatafikaje jikoni. Nyumbani tulikuwa watatu tu, kaka zangu walishahamia Katesh na Babati na wake zao. Bomba la kijiji lilikuwa limekauka tangu pampu iharibike. Nilikuwa na hasira na kocha, nilikuwa na hasira na yule kijana wa Tanga, lakini zaidi nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, kwa sababu hata nilipokuwa namtajia kazi zote ninazofanya, nilikuwa naona aibu kwa zile chache ambazo sikuzifanya.

Kesho yake asubuhi nikaigeuza ndoo, nikaikalia. Mama alitoka jikoni akauliza kama naumwa. Nikamwambia daktari amesema nisibebe maji miezi mitatu, na kwamba sitabeba. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu aende kwenye kikao cha kanisa. Alisikia. Akafunga kiatu cha pili, akaondoka.

Nilijiandaa kwa ugomvi. Sikujiandaa kwa kilichotokea. Mama alikwenda nyuma ya nyumba, akachukua ile ndoo nyingine yenye mpini wa waya, akaweka kata ya kitambaa kichwani na kushuka korongoni. Mama yangu, ambaye magoti yake yanalia akiinama kuchochea moto. Nilimwona akipotea kwenye migomba ya jirani, na baada ya muda mrefu nikamwona akirudi, anasimama kila baada ya hatua chache, maji yanamwagikia begani.

Alifanya hivyo siku tatu. Na mimi siku hizo tatu nilisimama kwenye jiwe la kizingiti cha jikoni, visigino vikiwa hewani, nikishusha na kupandisha, kumi na tano mara tatu, goti limenyooka, kisha kumi na tano mara tatu, goti limekunjwa. Nilikuwa nalia. Majirani walisema binti amerudi na uvivu wa kambini, na mwingine akasema afadhali hata angerudi na mimba, angalau tungejua. Nilisikia yote. Mara mbili nilikwenda mpaka ndoo ilipo nikaishika mpini. Sikuibeba. Sikuwa na wema siku zile, na sidai nilikuwa nao. Nilikuwa na kitu kimoja tu, nilitaka kukimbia tena, na nilijua nikishuka korongoni mara moja nitashuka maisha yangu yote.

Siku ya tatu, tukila makande ya jioni, nilisema.

"Baba, mama anachota maji kwa sababu mimi sichoti. Mimi sichoti kwa sababu ya mguu. Wewe miguu yako ina nini?"

Kwenye nyumba kama yetu hayo si maneno ya kumwambia baba. Baba ni mzee wa kanisa, watu wanakuja kwake kusuluhishwa mipaka ya mashamba. Aliacha kijiko kwenye bakuli. Akanawa, akavaa koti, akatoka nje.

"Umemtukana baba yako," mama alisema.

"Nimemuuliza."

"Kwa sauti hiyo ni kutukana." Lakini aliniongezea makande, na hilo nililiona.

Asubuhi baba hakuwepo. Alirudi jua likiwa limeshapanda, anavuta punda. Alikuwa amekwenda kumwazima kwa rafiki yake mfugaji wa upande wa Gendabi, ambaye alimpa kwa sharti kwamba amrudishe akiwa na masikio yote mawili. Baba alifunga madumu manne, mawili huku na mawili kule, akiwa bado amevaa koti lake la kikao na kofia. Akashuka korongoni.

Kwetu punda wa maji anaongozwa na mwanamke, au na mtoto. Mzee mwenye koti haongozi punda wa maji. Yaliyotokea kule chini niliambiwa na wanawake watano kwa namna tano, lakini wote wanakubaliana hivi. Kwenye chemchemi kulikuwa na foleni. Baba alipotokea wanawake wote wakasimama. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kisha hakuna aliyejua la kufanya. Huwezi kumwacha mzee asimame nyuma ya mabinti na ndoo zao. Wakamsogeza mbele. Huwezi pia kumtazama mzee akiinama kuchota. Wakamchotea, madumu yote manne, wakamfungia na kamba.

Alirudi kabla chai haijachemka. Akashusha madumu, akajifuta mikono na kumwambia mama, "Kumbe si mbali."

Mama alimtazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona tena.

Ikawa hivyo wiki nzima. Mzee anatokea, wanasimama, wanamsalimia, wanamchotea, anarudi. Maji yetu yalikuwa yanafika upesi kuliko maji ya mtu yeyote Gitting. Mwishowe jirani mmoja alikuja kwa mama, kwa adabu zote, na kusema mzee wetu anawaharibia foleni, watoto wanachelewa shule. Mama akamjibu, "Basi na wewe mlete wa kwako asalimiwe." Aliyasema hayo akiwa anapepeta maharage, hata hakuinua kichwa. Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Baada ya siku mbili mume wake akaonekana korongoni na baiskeli.

Baba alipojua kuhusu lile lalamiko alinuna. Kesho yake akawaambia wanawake kwamba kuanzia leo atakaa kwenye foleni, na kwamba atakayemsogeza mbele atamwona ni mtu asiyemheshimu. Akakaa kwenye jiwe. Alirudi karibu saa sita, jua likiwa kichwani, kofia imelowa jasho. Hakusema si mbali. Alikunywa vikombe viwili vya maji akiwa amesimama, kisha akamuuliza mama, "Kila siku?" Mama akasema, "Kila siku." Jumapili ile, baada ya ibada, alisimama mbele ya wanaume wenzake akaanza habari ya pampu, na hakukaa mpaka walipopanga siku ya kwenda kuonana na diwani.

Mguu wangu nao ukaanza kusikia. Kila wiki mbili nilikwenda hospitali, na katikati yule kijana alikuwa ananitumia video kwenye simu, yeye mwenyewe na sweta yake akipanda na kushuka kwenye ngazi. Alinifundisha kuyapima maumivu. Sifuri ni hakuna, kumi ni ya kulia. Mpaka tatu ruhusa, alisema, ikifika nne punguza, na kesho yake asubuhi kisigino kisiwe kigumu kuliko jana. Lilikuwa jambo geni kwangu. Nyumbani tulijua maumivu ya aina mbili tu, ya kuvumilia na ya kufa.

Mwezi wa pili wa matibabu aliniambia sasa niongeze mzigo. Nivae begi la shule mgongoni, kilo tano za maharage, nifanye yaleyale pale kizingitini. Mama alisimama akanitazama nikishuka na kupanda na begi.

"Kwa hiyo maji ni ugonjwa," alisema, "maharage ndiyo dawa."

"Ni mzigo wa kupimwa, mama. Kumi na tano, halafu unapumzika."

Alifikiri. "Hakuna aliyewahi kunipimia mimi," alisema, akarudi jikoni. Siku iliyofuata nilimwomba baba amtengenezee mama benchi ya kukalia pale motoni ili asiwe anainama, naye akaitengeneza siku hiyohiyo. Sikusema zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshasema mengi mwaka huo.

Kisha nikaruhusiwa kukimbia. Dakika moja kukimbia, mbili kutembea, kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, kwa sababu kwetu ndilo eneo pekee la tambarare. Siku ya kwanza nilikimbia dakika moja mara sita. Nilitamani kuendelea mpaka Singida. Nilitembea, kama nilivyoagizwa, nikiwa nimeuma meno. Viatu nilichaguliwa na mama mmoja wa Kiislamu anayeuza mitumba sokoni Katesh. Hajawahi kukimbia, lakini alikunja soli za jozi kumi kwa mikono miwili kama anakamua nguo, akanipa zile zilizokataa kukunjika katikati. Zilikuwa na rangi mbili tofauti za kamba. Nilizipenda kuliko zile za kambi.

Nilipomaliza mwezi wa tano wa matibabu nikasikia kwamba kocha anafanya majaribio Katesh, kilomita kumi, barabara ya kuelekea Endasak kwenda na kurudi, ili kuchagua watakaokwenda mashindano ya taifa. Alikuwa amesema yeyote anaweza kukimbia. Nilijua kwamba yeyote hiyo haikunihusu. Nikaenda.

Kocha aliponiona kwenye mstari aliinua nyusi tu. Sikukimbia kwa hasira, ingawa nilikuwa nazo za kutosha kunifikisha Babati. Nilikimbia kwa kusikiliza. Kilomita ya saba kisigino kikaongea. Nikakiuliza ngapi, kikasema mbili, labda tatu. Nikaendelea. Nilimaliza wa pili kwa wasichana. Nyuma yangu, kwenye kona ya mwisho, alikuja yule binti aliyepewa kitanda changu, msichana wa Dongobesh mwenye pumzi nzuri kuliko yangu, na alikuwa anatua mguu wa kushoto kwa ubavu, kwa uangalifu, kama anayekanyaga miiba. Niliujua mwendo ule. Nilikuwa nimeuvaa mwaka mzima.

Kocha alinijia huku anashika saa yake. "Haya," alisema. "Umenishangaza. Jumatatu urudi, kitanda kipo."

Ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilikuwa nimekilia kizingitini, nimemtukana baba kwa ajili yake. Nilisikia mdomo wangu ukisema, "Nitarudi. Lakini maji ya wavulana sichoti."

Wavulana walikuwa wamekaa kwenye nyasi, wakacheka. Kocha naye alitaka kucheka, akaona sicheki.

"Sasa nani achote?"

"Anayeoga."

"Binti, kambi yangu ina utaratibu wake."

"Na mguu wangu una wake."

Aliangalia saa yake ambayo haikuwa na cha kumwambia. Kisha akasema basi, kama ni hivyo nibaki kwetu. Nikamuaga kwa heshima, kwa sababu nililelewa vizuri, nikachukua begi langu. Njiani nilikaa chini. Nilijua nimetupa kitu ambacho pengine hakitarudi, na niliogopa, na nilitaka kurudi kumwomba msamaha. Sikurudi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kizingitini na maharage yangu mgongoni. Baba alikuwa anamfunga punda madumu. Bodaboda ikapanda na kusimama uwanjani, na kwenye kiti cha nyuma alikuwa yule binti wa Dongobesh, na mfuko wake wa nguo. Alimsalimia baba, akamsalimia mama, kwa magoti. Akaniambia mimi, chini chini, kwamba kocha amempa kitanda mtu mwingine, na kwamba mimi ndiye pekee anayemjua aliyepona. Akavuta soksi chini. Harage lilikuwepo, mahali palepale.

Nilikwenda kumletea kiti. Nilipogeuka, alikuwa hajakaa. Alikuwa ameiona ndoo tupu mlangoni, na kama ambavyo mimi ningefanya nyumbani kwao, kama ambavyo msichana yeyote wa kwetu angefanya akifika ugenini, alikuwa ameshaiinua, anachechemea nayo kuelekea njia ya korongoni, anauliza chemchemi iko upande gani.

Baba alimwacha punda, akamfuata, akaichukua ndoo mkononi mwake.

"Keti, mwanangu," alisema. "Hapa mwenye kisigino hachoti."

Akaitundika kwenye tandiko pamoja na madumu, akavaa kofia, akashuka.